Mizigo ya Njia ya Tabora: Toka Pembe za Ndovu Hadi Mikanda ya Katuni



Leo nakualika tusafiri pamoja mpaka Tabora, nchi ya Wanyamwezi, tukiifuata njia ya kale ya misafara. Usiogope. Hutabeba mzigo begani wala hutalipa hongo njiani. Kaa na jamaa yako, soma polepole, na kama una mtoto karibu msomee kwa sauti.

Habari za njia hii zimeandikwa sana. Wengine wameandika juu ya pembe za ndovu, wengine juu ya watumwa, na wengine juu ya Wazungu waliokuwa wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mimi nataka kukuonyesha mzigo mmoja mdogo, uliopita njia hiyo hiyo miaka mingi baadaye. Mzigo huo ni mkanda wa video wenye filamu ya katuni, yaani picha za kuchorwa zinazotembea na kusema kama watu.

Wewe uliyekuwa mtoto katika miaka ya 1980 au 1990 unaujua. Ni kile kisanduku cheusi cha plastiki chenye vidirisha viwili, na ndani yake utepe mwembamba unaong'aa. Leo watu wazima wenye watoto wao wakiutaja hutabasamu, na wengine hata hutokwa na machozi. Wana simu zinazoonyesha picha safi kuliko mkanda wowote, na bado wanautamani ule mkanda uliokuwa ukikwaruza na kutetemeka. Kwa nini? Twende Tabora, na tukiwa njiani tutafute jibu.

NJIA YENYEWE

Katika karne ya 19 msafara ulianza Bagamoyo, pwani. Ulipita Mamboya na Mpwapwa, ukaingia Ugogo. Huko watemi walidai hongo ya nguo na shanga kabla ya kuwaruhusu wageni kunywa maji. Baada ya Ugogo ulifuata Mgunda Mkali, pori refu lenye kiu na hofu. Ndipo watu walipofika Unyanyembe, na Tabora ikawa kama nyumbani. Safari hiyo ilichukua miezi mitatu hivi, mara nyingine zaidi.

Kila mpagazi alichukua kilo 30 hivi, begani au kichwani. Kwenda bara alibeba merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kurudi pwani alibeba pembe za ndovu. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi, nao waliiona kazi hiyo kuwa ya heshima. Kijana aliyekwisha kuiona bahari alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Lakini tusisahau kwamba katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, waliong'olewa makwao kwa nguvu, ambao hawakurudi tena. Maembe ya Tabora ni matamu, na wenyeji husimulia kwamba miembe ya kwanza iliota kutokana na kokwa walizotupa wasafiri. Ukikaa chini ya kivuli chake, waombee waliopita hapo wakiwa na shingo ndani ya kongwa.

Mwaka 2006 nchi yetu iliiandikisha njia hii katika orodha ya awali ya UNESCO, yaani mahali inapopenda patambuliwe kuwa urithi wa dunia. Vituo sita vilitajwa: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Wamisionari nao walipita hapa. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Tabora mwaka 1878, na baada ya miaka michache wakaanzisha misioni ya Kipalapala, wakalea watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye Kipalapala ikawa mahali pa seminari kuu na pa kiwanda cha kuchapa vitabu vya Kanisa. Wengi wenu mmewahi kushika katekisimu au kitabu cha nyimbo kilichotoka huko.

Kumbuka pia habari za mganga na katekista Adrian Atiman. Alikamatwa angali mtoto katika nchi za Sudani ya magharibi, akakombolewa na mapadre, akasomea uganga Malta, kisha akaletwa Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Alitibu watu huko hadi alipokufa mwaka 1956. Sisi twazijua habari zake kwa sababu yeye mwenyewe alizisimulia akiwa mzee, nazo zikaandikwa. Watoto wengine wengi walikamatwa kama yeye, na hata majina yao hatuyajui.

Shika neno hilo, msomaji, maana tutalirudia.

KWIHARA

Kilomita chache kutoka Tabora mjini iko Kwihara. Hapo pana tembe kubwa, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, na sasa ni nyumba ya makumbusho. Dakta Livingstone alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872, akingoja wapagazi wapya. Kisha akaondoka kwenda kusini, naye hakurudi akiwa hai. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha mtemi Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Watumishi wake, Susi na Chuma na wenzao, waliukausha mwili wake, wakaufunga, wakaanza kuubeba kwenda pwani. Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, wakamkuta Mwingereza mmoja, Luteni Cameron. Huyo aliwashauri wamzike bwana wao hapo hapo. Wao wakakataa. Waliendelea na njia mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukapumzishwa katika misioni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvuka bahari.

Watu husifu sana jinsi walivyoubeba mwili. Lakini walibeba na kitu kingine: daftari na karatasi za marehemu. Mwili ulizikwa London, na zile karatasi zikachapishwa, na hata leo mtu aweza kusoma aliyoyaandika siku kwa siku. Watu wale walijua kwamba maneno ya mtu nayo ni mzigo wa kuchukuliwa kwa uangalifu.

Je, nyimbo za wapagazi wenyewe, zile walizoimba alfajiri wakifunga mizigo? Chache ziliandikwa na wageni, tena kwa kukosea. Nyingine nyingi zimepotea pamoja na waliokuwa wakiziimba.

TRENI NA DEKI

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Misafara ya miguu ikafa. Mwaka 1928 reli ya kwenda Mwanza nayo ikawa tayari, na Tabora ikawa njia panda ya reli kama ilivyokuwa njia panda ya wapagazi. Kila kilichokuja kutoka pwani kilishuka kwenye stesheni ile: chumvi, vitambaa, baiskeli, redio, na hatimaye deki ya video.

Hapa yafaa vijana waelezwe jambo. Unguja ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Kwa muda wote huo mtu wa Tabora aliyetaka kuona picha zinazotembea alikuwa na jumba la sinema, au sinema ya gari iliyopita mara moja moja na kutundika shuka jeupe uwanjani. Mkanda wa aina ya VHS ulitolewa Japani mwaka 1976. Mwaka 1984 serikali yetu ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa, televisheni na deki zilianza kuonekana zaidi. Nyingine zililetwa na mabaharia na wafanya biashara, nyingine zilitumwa na ndugu walioko Uarabuni au Ulaya.

Ndani ya mkanda mmoja wa saa tatu mna utepe wa urefu wa mita 250 hivi, na upana wake haufiki sentimita moja na nusu. Utepe huo ni plastiki iliyopakwa unga mwembamba wa chuma. Picha na sauti huandikwa juu ya unga huo kwa nguvu ya sumaku. Deki huuvuta utepe na kuuzungusha juu ya gurudumu dogo lenye kichwa cha kusomea, ambalo kwa deki zetu huzunguka mara 25 kwa sekunde. Mikanda iliyotumwa kutoka Marekani mara nyingi ilileta masikitiko. Huko walitumia mtindo mwingine wa kuandika picha, basi mkanda ukitiwa katika deki ya kwetu, picha ilipanda na kushuka kama mlevi, au ilikosa rangi. Jamaa nzima ilijikusanya, ikakaza macho, ikasikia sauti tu.

Na katuni yenyewe? Hiyo huchorwa picha baada ya picha, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia. Katika sinema hupita picha 24 kwa kila sekunde, na jicho letu hudanganyika likaona mwendo. Filamu ya saa moja na robo yahitaji picha zaidi ya laki moja kupita mbele ya taa. Hebu mwambie mwanao achore sungura mmoja mara 24, ndipo atakapofahamu uvumilivu wa wachoraji hao.

MACHO MENGI, MKANDA MMOJA

Sasa ikumbuke jioni yenyewe, wewe uliyekuwapo. Katika mtaa mzima kulikuwa na deki moja, labda nyumbani kwa mwalimu, au kwa fundi, au katika banda la mabati ambako kila mtu alilipa shilingi chache. Kijijini palipokosa umeme ilitafutwa jenereta, ikanguruma nje kuliko filamu yenyewe. Watoto walikaa chini mbele, wakubwa nyuma, na waliokosa nafasi wakachungulia dirishani. Mkanda ulikuwa umeangaliwa mara nyingi hata kila mtoto alijua mahali picha itakapotetemeka.

Filamu za Tom na Jerry, paka na panya waliozaliwa Marekani mwaka 1940, zilipendwa na wote, maana hazikuhitaji lugha. Bibi asiyejua kusoma alicheka sawa na msomi. Filamu nyingine zilisema Kiingereza, na hapo ndipo alipohitajika mtu wa kufasiri. Mara nyingine alikuwa kijana wa sekondari aliyeelewa nusu na kuitunga nusu. Filamu ikisema maneno kumi, yeye alisema hamsini, akamweka mbwa wa Ulaya katika mtaa wao wenyewe, akampa na shangazi. Baadaye kazi hii ikawa ya watu maalum waliorekodi sauti zao juu ya mikanda. Aliyejulikana sana nchini ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimwita Lufufu. Mikanda yake ilienea mijini na vijijini, na wengi hawakumbuki hata majina ya wachezaji wa filamu hizo, lakini sauti ya mfasiri wanaikumbuka.

Mwaka 1994 ilitoka Marekani filamu ya katuni iitwayo The Lion King, na mwaka 1995 ikauzwa katika mikanda. Watoto wetu walistaajabu. Simba mwenyewe aliitwa Simba. Nyani aliitwa Rafiki. Ngiri aliitwa Pumbaa, na mtoto wa kwetu alicheka mara mbili, kwanza kwa yule ngiri, kisha kwa jina lake. Watoto wakauliza, "Kama majina yao ni ya Kiswahili, kwa nini hawasemi Kiswahili?" Swali hilo lilikuwa zuri. Majina yetu yalikwenda ng'ambo, yakarudi kama bidhaa, sawa na pembe ya ndovu iliyoondoka Tabora ikarudi ikiwa kifungo cha shati.

Mwaka 1998 ilitoka nyingine, The Prince of Egypt, yenye habari za Musa na wana wa Israeli. Mtoto aliyesikia somo la bahari kugawanyika katika Misa ya Mkesha wa Pasaka aliweza sasa kuona mchoro wa maji yaliyosimama kama ukuta.

Basi nadhani jibu la swali letu limeanza kuonekana. Ukimwuliza mtu mzima anakumbuka nini juu ya mikanda ile, atataja filamu kwa ufupi tu. Halafu ataanza kutaja watu: marehemu kaka aliyekuwa akifasiri, mama aliyekaa mlangoni akipembua mchele huku akijifanya haangalii, jirani aliyepiga kelele kumwonya panya, baba aliyezima deki saa tatu usiku ili wote wapige magoti kusali Rozari. Utepe ule ulikuwa haba, kwa hiyo ililazimu kuushiriki. Wanachokitamani ni kule kukaa pamoja, na kuwapo mtu wa kuwaeleza wanachokiona.

Lakini tuseme kweli yote. Si kila jioni ilikuwa njema. Mabanda mengi yalikuwa finyu, hewa mbaya, watu wamebanana hata yakaitwa vibanda umiza. Baada ya katuni ya watoto, mwenye banda alitia mkanda wa damu na mapigano, au mbaya kuliko huo, wala hakuwatoa watoto. Wengine walitoroka shule na kuiba vitumbua vya mama ili wapate kiingilio. Wazazi walionung'unika walikuwa na haki.

Kanisa lilikuwa limekwisha kuliona jambo hili mapema. Papa Pius wa Kumi na Moja aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pius wa Kumi na Mbili aliandika juu ya sinema, redio na televisheni mwaka 1957. Hawakusema vitu hivyo ni vya shetani. Walisema ni zawadi zenye nguvu kubwa, na mwenye nyumba lazima ajue nini kinaingia nyumbani mwake. Mwaka 1958 Papa huyo wa pili alimtangaza Mtakatifu Klara wa Assisi kuwa msimamizi wa televisheni. Yasimuliwa kwamba Klara alikuwa mgonjwa kitandani usiku wa Noeli, asiweze kwenda kanisani, naye akajaliwa kuona na kusikia ibada kana kwamba yuko pale.

SUNGURA WETU YUKO WAPI?

Kabla ya deki watu wa Unyamwezi, kama makabila yote, walikuwa na hadithi za jioni. Sungura alimdanganya fisi, kobe akamshinda sungura, na bibi alibadilisha sauti kwa kila mnyama. Mtu aweza kusema kwamba mkanda uliziua hadithi hizo. Lakini kuna waliotambua kwamba mchoro unaotembea waweza kuzichukua.

Katika miaka ya 1950, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbali kule Leopoldville ambayo leo ni Kinshasa, Padre Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alitengeneza filamu fupi za katuni juu ya Mboloko. Huyo ni paa mdogo wa msituni ambaye katika hadithi za Kongo hushinda wakubwa kwa akili, kama sungura wa kwetu. Padre alifahamu kwamba watu hupenda kujiona wenyewe katika picha. Mwaka 2010 wachoraji wa Nairobi walitoa Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama zilizochorwa kwa kufuata rangi za Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wetu aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972. Na tangu 2014 vijana wa Dar es Salaam wametoa Ubongo Kids, katuni inayowafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Wanyama wa humo wanasema lugha yetu. Lile swali la watoto wa mwaka 1995 limepata jibu.

MIKANDA INAOZA

Sasa nifike kwenye jambo lenye haraka. Mwezi wa Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo. Deki zilizobaki zinazeeka, na vipuri havipatikani. Tena utepe wenyewe hauishi milele. Nguvu ya sumaku hupungua, gundi inayoshika unga hulegea, na masika ikipita mara nyingi hutokea ukungu mweupe kama unga wa muhogo.

Utasema, "Katuni za zamani zikiharibika, hasara gani? Filamu zile zipo kwenye simu." Ni kweli. The Lion King haitapotea. Lakini hebu funua lile sanduku lililo juu ya kabati. Mikanda ilikuwa ghali, kwa hiyo watu walirekodi juu ya mikanda ya zamani. Ile yenye filamu za kununua ilikuwa imevunjwa kijisehemu cha plastiki pembeni ili mtu asiandike juu yake. Watu wakabandika karatasi ya gundi mahali pale, wakaandika. Basi waweza kuona jina la katuni limeandikwa kwa kalamu ubavuni, kumbe ndani mna arusi ya dada yako. Mna Komunyo ya kwanza ya mtoto ambaye leo ni padre. Mna jubilei ya sista, au babu akitoa nasaha kwa bibi arusi kwa Kinyamwezi safi, ambacho wajukuu wake hawakisikii vizuri. Arusi ikiisha, utaona mkia wa katuni iliyobaki, paka akimkimbiza panya.

Sauti hiyo ya babu haipo kwenye simu ya mtu yeyote. Iko katika utepe ule tu. Ukioza, amekufa mara ya pili.

Basi nakushauri hivi. Kwanza, kusanya mikanda yote ya ukoo mahali pakavu, isimame wima kama vitabu, mbali na jua, jiko na spika kubwa za redio. Pili, ukiona ukungu usiutie mkanda katika deki. Utachafua kichwa cha deki, na mkanda utakaofuata nao utaharibika. Tatu, mtafute fundi wa video mjini aliye na deki nzima, akuhamishie picha katika kompyuta na kukupa nakala mbili. Moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu anayekaa mbali, ili moto au mwizi asimalize zote. Nne, na hili ndilo kubwa, itazame nakala hiyo pamoja na mzee aliyekuwapo. Simamisha picha, mwulize, "Huyu ni nani? Yule aliyeshika mwavuli ni wa ukoo gani?" Andika majina katika daftari. Mkanda huonyesha sura, lakini hautaji jina. Tano, Halmashauri ya Parokia iulize mikanda ya upadrisho, ya ziara za maaskofu na ya kwaya za zamani iko kwa nani. Mara nyingi iko kwa mtu mmoja tu, naye ni mzee.

UJIJI, MWISHO WA NJIA

Tutoke Tabora, tuende magharibi. Msafara ulivuka mto Malagarasi, ukapita Uvinza penye chumvi, ukashuka Ujiji kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Huko, chini ya mwembe, Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Dunia nzima husimulia maneno aliyoyasema Stanley siku ile. Lakini Livingstone hakuyaandika, na katika daftari la Stanley kurasa za siku hiyo zimechanwa. Kwa hiyo wataalamu wanabishana mpaka leo kama aliyasema kweli. Walikuwapo mamia ya watu pale ufukweni, wakipiga ngoma na kushangilia. Hakuna aliyewauliza walisikia nini.

Ndugu msomaji, wewe waweza kuuliza. Wazee wako wapo, au baadhi yao wapo. Watoto wako wapo, ingawa pengine sasa hivi kila mmoja ameinamia simu pembeni, anaangalia katuni peke yake, bila mfasiri, bila mama mlangoni. Simu hiyo ina picha elfu, naye baada ya miaka thelathini hatakumbuka aliiangalia pamoja na nani, kwa kuwa hapakuwa na mtu.

Jumapili hii, baada ya Misa na chakula, fanya jambo moja. Chukua simu moja tu, iweke juu ya meza ikiegemea chupa, waite wote. Chagueni katuni moja, ndefu au fupi. Kaa nao hadi mwisho. Wasiofahamu lugha uwafasirie, hata kama unaelewa nusu tu. Ikiisha, zima, umwombe bibi asimulie ya sungura na fisi. Na kama mna kijana mwenye simu ya kurekodi, mwambie airekodi sauti ya bibi.

Mungu aibariki jamaa yako, na Mtakatifu Klara awaombee.